Sauti Kabla ya Picha: Milio katika Filamu ya Taharuki ya Wanafunzi

Filamu ya taharuki inayopigwa na wanafunzi huwa na umaskini wa namna nyingi, na karibu wote husameheka. Mwanga ukiwa hafifu, mtazamaji huuchukulia kuwa ni usiku. Mchezaji akiwa mgeni wa kazi yake, kigugumizi chake huweza kupita kama woga. Chumba cha bweni kilichogeuzwa ofisi ya polisi hukubalika baada ya dakika mbili. Lisilosameheka ni sauti. Mlango wa mbao wa nyumba ya Kamalondo ukifunguka kwa mlio wa lango la ngome, au bundi wa misitu ya Ulaya akilia juu ya mwembe, ukumbi mzima hucheka. Na filamu ya taharuki ikishachekwa mara moja, hofu haijengeki tena.

Aghalabu kasoro hii huelezwa kwa ukosefu wa fedha. Maelezo hayo hayatoshi, kwani milio ndiyo sehemu ya filamu inayogharimu kidogo kuliko zote: mlango upo, paa lipo, miguu ipo, na simu ya mkononi ya leo hunasa sauti vizuri ikisogezwa karibu na kitu chenyewe. Kasoro ni ya fikra. Wengi huichukua sauti kuwa rangi inayopakwa juu ya picha kazi ikiwa imekwisha. Picha huhaririwa kwanza. Kisha, usiku wa mwisho kabla ya maonyesho, milio huchotwa kutoka katika makusanyo yaliyotengenezwa Marekani au Uingereza na kubandikwa pale palipo na pengo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika filamu ya taharuki mpango huo umekwenda kinyume. Taharuki ni swali, na swali hilo huulizwa sikioni kabla ya kujibiwa machoni. Tena sikio linaloulizwa si la watu wote duniani. Ni la hadhira fulani, yenye milango yake, mapaa yake na historia yake.

Mfano unaowafaa wanafunzi kuliko mingine ni Tesis, filamu ndefu ya kwanza ya Alejandro Amenábar, iliyotolewa Hispania mwaka 1996. Mwongozaji huyo, aliyezaliwa mwaka 1972, alikuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Complutense cha Madrid bila kuhitimu, na sehemu kubwa ya hadithi aliiweka katika kitivo kile kile alichosomea. Mhusika mkuu, Ángela, ni mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu ukatili katika picha. Profesa anayemsimamia anafia katika ukumbi wa kuonyeshea filamu, mbele ya ukanda wa video alioukuta katika hifadhi ya chuo. Ángela anauchukua ukanda huo. Anafika nyumbani, anauweka katika mashine, na hapo anashindwa kuutazama. Basi anapunguza mwangaza wa televisheni mpaka kioo kinakuwa cheusi, anabaki kusikiliza.

Sehemu hiyo ni fupi, lakini inastahili kuchunguzwa kuliko mapambano yote yanayofuata. Mtazamaji hapewi kitu cha kutazama ila uso wa msichana na kioo kisichoonyesha kitu. Anasikia mwanamke anayelia na kusihi, anasikia vitendo asivyoweza kuvipa majina. Milio yenyewe si ya ufundi wa ajabu. Mwanafunzi yeyote angeweza kuitengeneza. Nguvu yake imo katika kuondolewa kwa picha. Sikio linapokosa msaada wa jicho hufanya kazi mbili: hupokea sauti, na hutafuta chanzo chake. Kutafuta huko ndiko taharuki yenyewe. Isitoshe, Ángela amelichagua giza hilo kwa mkono wake, na mtazamaji anayejidai kwamba angefumba macho anagundua kwamba masikio hayana kope.

Filamu hii inairudia mbinu hiyo kwa sura nyingine. Katika njia za chini ya kitivo taa zinazimika, na Ángela na mwenzake Chema wanabaki na kiberiti tu. Njiti inawaka, inakufa. Katikati ya njiti moja na nyingine picha haipo. Ni hapo Chema anapoanza kumsimulia hadithi ili kumtuliza. Msomi wa fasihi simulizi hawezi kuipita sehemu hiyo bila kusimama: mahali mitambo yote ya sinema imenyamaza, mwongozaji anarudi kwenye chombo cha kwanza kabisa cha taharuki, yaani sauti ya mtu mmoja gizani na mwingine anayemsikiliza. Tesis ilipata tuzo 7 za Goya mwaka 1997, miongoni mwake tuzo ya filamu bora na ile ya sauti. Hata hivyo haikosi dosari. Mara kadhaa muziki unawahi kumwambia mtazamaji kwamba aogope, hali milio ilikuwa imekwisha kumwogofya. Msisitizo huo unaupunguza woga badala ya kuuongeza.

Mfaransa Michel Chion, katika kitabu chake La Voix au cinéma cha mwaka 1982, aliipa uzito wa nadharia sauti inayosikika bila msemaji wake kuonekana. Kwa maoni yake, msemaji wa namna hiyo hupata uwezo unaokaribia wa mizimu: yuko mahali pote, anajua yote, na uwezo huo humtoka mara anapoonekana kinywa. Ubunifu wenyewe ulikuwapo zamani. Fritz Lang, katika M ya mwaka 1931, filamu yake ya kwanza yenye sauti, alimtambulisha mwuaji wa watoto kwa mluzi wa wimbo mmoja wa Grieg. Mwuaji huyo anatambuliwa na kipofu anayeuza maputo. Yafaa izingatiwe kwamba mluzi hautishi. Ungewekewa ngurumo mahali pake, filamu ingekufa. Mluzi unatisha kwa sababu ni wa kila siku, na kwa sababu mtazamaji amefundishwa mapema ni wa nani.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohusika, wala si kwa kulazimishwa. Lugha hii ina hazina kubwa ya tanakali za sauti, ambazo darasani huorodheshwa haraka haraka na kuachwa. Kitu huanguka pu. Kikianguka majini ni chubwi. Mchangani ni tifu. Matopeni ni tapwi. Mwongozaji angezitazama tanakali hizo kama mafundisho ya kazi yake. Kitendo ni kimoja, kuanguka, lakini lugha inakataa kukipa sauti moja. Inauliza kwanza: kimeanguka wapi? Makusanyo ya milio yanayouzwa hayaulizi hivyo. Yana “mwili unaoanguka”, na mwanafunzi huubandika huo huo katika ua wa udongo, katika sakafu ya saruji na katika tope la masika. Msimulizi wa kijijini, asiye na mikrofoni, asingefanya kosa hilo.

Kuna kundi la pili lenye manufaa makubwa zaidi. Giza huwa totoro. Mtu hulala fofofo. Mlango hufungwa ndi. Nguo huwa nyeupe pe. Hapa tanakali haiigi sauti yoyote, kwa kuwa weupe na giza havina sauti. Lugha inakipa sikio kitu ambacho ni cha jicho au cha ngozi. Je, sinema haina kazi iyo hiyo? Giza totoro haliwezi kupigwa picha; picha ya giza totoro ni kioo cheusi tu. Lazima lisikike: pumzi iliyo karibu mno, mkono unaopapasa ukuta, kitu kidogo kinachodondoka na kubingirika bila kusimama. Mwanafunzi anayeandika katika mswada wake “giza, muziki wa kutisha” hajaandika kitu. Anayeandika “giza totoro: kifuniko cha sufuria kinabingirika, hakisimami” amekwisha kutengeneza nusu ya filamu.

Inafaa mswada wenyewe uwe na sauti zake tangu mwanzo, zimeandikwa kwa Kiswahili. Katika vyuo vya Kongo mswada wa filamu mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa, mazungumzo peke yake yakiwa kwa Kiswahili, na maelezo ya sauti yakibaki kuwa neno moja: bruit. Neno hilo halimsaidii anayeshika mikrofoni. Kiswahili kina kishindo, mvumo, mkwaruzo, mngurumo, mtutumo, mchakacho, mwangwi, na kila kimoja kinaagiza chombo chake na umbali wake. Hadhira nayo haihitaji kufundishwa kusikia. Mjini Lubumbashi michezo ya kuigiza kwa Kiswahili ilizoeza masikio kwa muda mrefu. Kundi la Mufwankolo, ambalo Johannes Fabian alilichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990, Power and Performance, lilijulikana mjini kwa michezo yake ya kubuniwa papo kwa papo kabla filamu za wanafunzi hazijafikiriwa.

Uchukuliwe mfano mmoja wa mlango. Katika filamu za Marekani mwuaji hugonga, na kugonga kwake ni salamu ya kawaida. Kwa hiyo mwongozaji wa huko hulazimika kuongeza nguvu ya pigo, au mwangwi, au muziki, ili mtazamaji atambue hatari. Kwa Waswahili mambo ni kinyume. Mgeni mwema hutanguliza kinywa. Husema hodi, na katika miji ya Kongo wengi husema kwa mdomo kokoko, hata mkono usipoigusa mbao. Mwenye nyumba huijua sauti ya mtu kabla ya kuijua sura yake. Kwa hadhira hiyo, mapigo matatu mepesi yasiyofuatwa na sauti ya mtu ni jambo la kutisha tayari. Ngo ngo ngo. “Nani?” Kimya. Hakuna haja ya muziki. Pigo likiwa jepesi zaidi, hofu inazidi, kwani mwenye nguvu za kuvunja mlango ameamua kutovunja. Inashangaza kwamba mbinu hii, iliyo mikononi mwa kila mtu, huachwa ili kuiga mapigo ya mlango wa Los Angeles.

Kuhusu utengenezaji, machache yatatosha. Milio mingi ya sinema haitoki katika vitu inavyoviwakilisha. Jack Foley, ambaye jina lake limekuwa jina la kazi hiyo, alikuwa katika studio za Universal akitembea na kugusa vitu mbele ya picha ili kuipa sauti. Kwa ajili ya mauaji ya bafuni katika Psycho ya mwaka 1960, kisu kilichomwa katika tikiti. Husimuliwa kwamba Hitchcock alisikiliza matikiti ya aina mbalimbali akiwa amefumba macho, kisha akachagua moja kwa jina. Kufumba macho ndilo somo la kisa hicho. Anayechagua mlio akiwa anaitazama picha hudanganywa na picha. Kila sauti humwonekea inafaa. Muziki mashuhuri wa Bernard Herrmann katika sehemu hiyo hutajwa mno na wanafunzi wanaotaka kujaza muziki kila mahali. Wanasahau kwamba Hitchcock kwanza aliitaka sehemu hiyo bila muziki, na kwamba nyuzi zile zimetumika kama yowe kuliko kama wimbo.

Kimya nacho hutengenezwa. Ukanda usio na sauti yoyote hausikiki kama kimya. Husikika kama mashine iliyoharibika, na watu hugeuka kumtazama fundi. Kila mahali pana kimya chake: darasa tupu lina mwangwi wa madirisha, chumba chenye paa la bati hulialia jioni bati linapopoa, ua una nyenje na mbwa wa mbali. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mahali pa kupigia picha, sharti inaswe dakika moja ya mahali hapo, watu wote wakiwa wametulia tuli. Dakika hiyo ndiyo itakayotandikwa chini ya maneno na milio yote. Tena ndiyo itakayoondolewa wakati wa hatari. Nyenje wakinyamaza ghafla, mtu yeyote aliyelala nje anajua kwamba kuna kiumbe kinachopita. Jenereta la jirani, adui mkubwa wa wanasa sauti mjini, laweza kugeuzwa mshirika kwa njia hiyo hiyo: livume tangu mwanzo mpaka mtazamaji alisahau, kisha lizimike.

Swali gumu zaidi ni la yowe, na hapo ufundi peke yake hautoshi. Blow Out ya Brian De Palma, ya mwaka 1981, inaanza kwa filamu ndani ya filamu: kazi ya rahisi ya kutisha, mwuaji akizunguka katika bweni la wanafunzi wa kike, na msichana bafuni anatoa yowe dhaifu la kuchekesha. Jack, fundi wa sauti mjini Philadelphia, anatakiwa kutafuta yowe jingine na upepo mpya. Anakwenda usiku kunasa upepo, na bila kukusudia ananasa ajali ya gari linalotumbukia mtoni. Akiusikiliza ukanda tena na tena anagundua mlio wa risasi kabla ya gurudumu kupasuka. Sehemu za kusikiliza ni za ustadi mkubwa: mtazamaji anajifunza kusikia pamoja na Jack, na mlio ule ule ambao kwanza ulikuwa ajali, baadaye unakuwa mauaji. Lakini mwisho ndio unaofanya filamu hii isisahaulike. Sally, mwanamke aliyemsaidia Jack, anauawa, na yowe lake la kweli, lililonaswa na chombo ambacho Jack mwenyewe alimvalisha, linabandikwa katika ile filamu ya bwenini. Mtayarishaji anafurahi. Yowe limefaa.

Filamu nyingi za taharuki za wanafunzi humwua msichana katika dakika kumi za kwanza, na yowe lake huchukuliwa kuwa kitu cha kutafutwa kama vile kofia au bunduki ya mbao. De Palma anauliza yowe hilo ni la nani. Amenábar anauliza kwa nini msikilizaji hazimi. Mwanafunzi asiyejiuliza lolote kati ya hayo ataishia kama mtayarishaji wa Philadelphia, akipima yowe kwa ukubwa wake. Si lazima yowe liondolewe. Laweza kusikika kutoka chumba cha tatu, likafunikwa na redio ya mtu asiyejali. Laweza kukatika kabla ya kwisha. Laweza kusikiwa na mtu mmoja tu katika kundi, naye akadhani ni mtoto anayecheza. Katika kila hali hiyo, yowe linarudi kuwa la mtu.

Na bunduki je? Makusanyo ya milio yana risasi za filamu za wachunga ng’ombe, zenye mluzi wa kugonga mwamba, na wanafunzi huzipenda. Katika kumbi za Goma, Bukavu au Bunia wapo watazamaji waliojifunza kwa masikio, tangu vita vya mwaka 1996, kutofautisha mlio na mlio, kukisia umbali, kujua wakati wa kulala chini na wakati wa kuendelea kupika. Risasi ya Kalashnikov hutoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na sauti husafiri takriban mita 340; kwa hiyo anayepigwa risasi kutoka mbali husikia kwanza mchapo mkali wa risasi inayompita, halafu kishindo cha bunduki yenyewe. Mpangilio huo hauonekani katika filamu za wanafunzi, ingawa umo kichwani mwa nusu ya hadhira yao. Mlio wa bandia mbele ya watu hao huwachekesha, na kicheko hicho ndicho nafuu. Mlio wa kweli, ukitupwa bila sababu ili kuwashtua, ni ukatili. Mwongozaji hana njia ya kuukwepa uamuzi huo kwa kusema kwamba anafanya mchezo tu.

Lubumbashi ina jambo lake. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi wa chuo kikuu walishambuliwa katika mabweni yao. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Katika shuhuda nyingi limetajwa jambo moja, kuzimwa kwa umeme. Filamu ya taharuki inayopigwa katika mabweni hayo, na kuanza kwa taa kuzimika, haiwezi kujifanya kwamba imebuni hofu mpya. Huenda waliozaliwa baadaye hawana kumbukumbu hiyo, na umeme unaokatika kila wiki umeifanya giza kuwa jambo la kuzoeleka. Lakini wahadhiri wanaoketi safu ya mbele wanakumbuka. Kwao, sauti inayofuata taa kuzimika si chaguo la kiufundi.

Watakuwapo watakaopinga kwamba sinema ni lugha ya dunia nzima, na kwamba vijana wa Kenya au Katuba wamezoea milio ya Hollywood kiasi cha kuikubali kuliko ya kwao. Ni kweli kwamba wameizoea. Wameizoea katika filamu za Hollywood, ambamo milango ni ya Hollywood. Mchezaji akishasema “Nani?” kwa Kiswahili cha Lubumbashi, masikio yote ukumbini yamerudi nyumbani, na kila bawaba, kila bati, kila hatua ya ndala kwenye saruji inapimwa kwa kipimo cha huko. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kundi la filamu, kabla ya kuazima kamera, ni kukaa usiku mmoja mahali hadithi inapotokea, taa zikiwa zimezimwa, na daftari moja la kuandika kila kinachosikika, kimetoka upande gani, na nani aliyekisikia kwanza.